Acheni Kununua Kelele, Bunduki ya Wenzo Inatosha

Ndugu msomaji, leo nataka ugomvi. Kama umeshanunua ile bunduki ndefu yenye darubini kubwa kama ya kuangalia mwezi, basi huenda ugomvi wenyewe ni na wewe. Vumilia, usome mpaka mwisho, halafu unijibu kwa hoja.

Kila mwaka msimu wa kulungu ukikaribia hapa Ohio (ule wa bunduki huanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani), Waswahili wenzangu huniuliza swali lile lile: "Kaka, ninunue bunduki gani?" Na kabla sijafungua mdomo, mtu mwingine pembeni ameshajibu: nunua kubwa, nunua inayofika mbali, nunua ambayo ikilia mtaa mzima unajua. Yaani tumehama bara zima, tumevuka bahari, lakini ile tabia ya kuamini kwamba chenye kelele ndicho chenye nguvu tumekuja nayo kwenye begi.

Mimi nasema hivi: kwa mtu anayeanza kuwinda kulungu kwenye misitu ya huku mashariki na kati ya Marekani, bunduki ya wenzo, ya mtindo ule ule wa karne ya 19, inamtosha na kubaki. Wanaomwambia vinginevyo wanamuuzia kelele, na bei ya kelele hiyo wanailipa wanyama. Kulungu ninayemsema hapa ni yule wa Marekani mwenye mkia mweupe. Siyo kulungu wetu wa vichaka vya nyumbani, jina tumemwazima tu.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengine hawajakiona nje ya sinema. Bunduki ya wenzo ni ile yenye mkono wa chuma uliozunguka kifyatulio. Ukiushusha, ganda tupu linaruka nje. Ukiupandisha, risasi mpya inaingia kwenye chemba na nyundo inakuwa imeshavutwa nyuma, tayari. Nyingi hubeba risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, zimepanga foleni, pua ya moja ikiegemea kitako cha mwenzake. Ni nyembamba, fupi, haina mabonge ubavuni, na nyingi zina uzito wa kilo 3 na kitu. Unaweza kuibeba kutwa kwa mkono mmoja katikati ya miiba usichoke. Mwenye kuwinda kwa miguu anajua thamani ya hilo. Mwenye kuwinda kwa maneno dukani hajui.

Sasa tuje kwenye hiyo "nguvu". Risasi ya .30-30, ambayo Winchester waliitoa mwaka 1895 kwa ajili ya bunduki yao ya Model 1894, inatoka mtutuni na nguvu ya takriban jouli 2,500. Risasi ya .300 Winchester Magnum inatoka na karibu jouli 4,700. Muuzaji atakuonyesha namba hizi mbili na kukuuliza kwa upole kwa nini ukubali nusu. Nami nakuuliza, nusu ya nini? Kulungu wengi wa huku hawafiki hata kilo 100. Kulungu anakufa kwa tundu lililopita kwenye mapafu yote mawili. Hana habari na jouli zako. Tundu likipita mahali pake, .30-30 inamlaza kama inavyowalaza wenzake tangu siku za babu zao. Likipita pengine, hata hiyo magnamu itakuachia matone ya damu kwenye majani na usiku mrefu wa kutafuta.

Na ni rahisi zaidi lipite pengine ukiwa na magnamu. Bunduki ya namna hiyo inapiga teke. Mtu mgeni akipigwa teke mara tatu, mara ya nne mwili wake unajihami wenyewe: anafumba macho, anakaza bega, anavuta kifyatulio kwa kushtuka. Anaogopa bunduki yake mwenyewe! Mdogo wangu mmoja, kijana mwema sana, aliuziwa bunduki ya aina hiyo na duka ambalo silitaji. Alikuwa hajawahi kupiga hata risasi ishirini maishani mwake. Alipiga risasi sita kulenga karatasi, bega likavimba, akasema "imeshakaa sawa". Msimu ulipofika alimpiga kulungu jike tumboni. Tulifuata damu watu wanne kwa tochi mpaka usiku wa manane. Tulimpata asubuhi, na koyoti walikuwa wametutangulia.

Mnyama aliyepigwa tumboni anaweza kuchukua saa nyingi kufa. Anakwenda, analala, anasimama, anakwenda tena. Tukiacha maneno matamu ya "michezo" na "starehe ya nje", jambo lenyewe ni kwamba unauondoa uhai wa kiumbe, na wajibu wako wa kwanza ni kuuondoa haraka. Bunduki inayokufanya ulenge vibaya ni bunduki mbaya kwako, hata kama kwenye jedwali la namba ni mfalme.

Watu wa magnamu watasema: lakini yetu inafika mita 400! Sawa, inafika. Wewe je, unafika? Chukua sahani ya karatasi, zile tunazolia pilau kwenye sherehe. Upana wake unakaribia sana ukubwa wa eneo la moyo na mapafu ya kulungu. Ibandike kwenye mti wenye kilima nyuma yake. Simama, au kaa chini kama utakavyokaa porini. Usiegemeze bunduki juu ya meza ya uwanja wa shabaha, maana porini hakuna meza. Piga tano. Zote tano zikiingia kwenye sahani, rudi nyuma hatua ishirini, piga tena. Siku moja utafika mahali ambapo risasi ya tano imekosa. Hapo ndipo mwisho wako. Watu wengi ninaowajua mwisho wao ni kabla ya mita 100, na wanaosema mita 300 wengi wao hawajawahi kununua sahani.

Sasa angalia jinsi bunduki ya wenzo inavyoendana na ukweli huo. Ukiipangia .30-30 shabaha ya yadi 100, ikifika yadi 200 risasi imeshashuka karibu sentimita 20. Mauzaji anauita huo udhaifu. Mimi nauita ukweli. Inakwambia mapema: ndugu yangu, baada ya hapa usijaribu, sogea. Na ukiingia misitu ya milima ya kusini mashariki mwa Ohio, mahali pengi huioni hata hiyo yadi 100, miti imekubana. Hiyo mita 400 unayoilipia utaipata wapi? Barabarani?

Tena kuna sheria, na hapa ndipo wanunuzi wa haraka wanapoumbuka. Kwa miaka mingi Ohio haikuruhusu kabisa bunduki za kawaida za mtutu mrefu kwa kulungu. Watu waliwinda kwa shotgani, gobore za kisasa na mishale, maana nchi ni tambarare kwa sehemu kubwa, mashamba na nyumba zimechanganyika, na risasi inayokwenda mbali inaweza kumfikia jirani akiwa anakunywa kahawa yake. Mwaka 2014 wakalegeza: bunduki ruksa, lakini iwe ya risasi yenye ganda lililonyooka kama mkebe, wala siyo ganda lenye shingo kama chupa. Ganda la namna hiyo kwa kawaida linasukuma risasi nene na nzito ambayo inaanguka mapema. Yaani jimbo zima limekaa chini na kufikia hitimisho lile lile la sahani yangu ya pilau.

Na usishangilie haraka: .30-30 yenyewe ina ganda lenye shingo! Kwa hiyo bunduki ya wenzo maarufu kuliko zote haifai kwa kulungu wa Ohio. Vuka mto tu uingie Kentucky, ni ruksa. Ukitaka kuwinda Ohio na wenzo, tafuta .45-70, risasi ambayo jeshi la Marekani liliichukua mwaka 1873 na ambayo bado inauzwa. Au .44 Magnum, ambayo haina teke la kutisha ikiwa kwenye bunduki ndefu. Au .360 Buckhammer ya Remington, iliyotoka mwaka 2023, ambayo kimsingi ni ganda la .30-30 lililonyooshwa shingo ili lipite kwenye sheria za majimbo haya. Na hata ukiwa nayo, Ohio haitaki zaidi ya risasi tatu ndani ya bunduki kwa pamoja. Ukienda Illinois ni habari nyingine: wao waliruhusu bunduki za kulungu mwaka 2023, lakini ziwe za risasi moja moja tu, kwa hiyo wenzo uache nyumbani. Soma kijitabu cha kanuni cha jimbo lako na cha mwaka huo huo kabla hujatoa hata senti. Duka halitakwenda mahakamani kwa niaba yako.

Na kwa sisi wageni kuna jambo zito zaidi. Mwenye kadi ya kijani anaweza kununua bunduki kwa sheria ya nchi kama raia. Lakini aliyeko hapa kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya shirikisho inamkataza hata kuishika, isipokuwa awe na sababu inayotambuliwa, kama vile leseni halali ya uwindaji. Hili ni kosa la jinai, na linaweza kukufukuzisha nchini. Muulize mwanasheria. Usimuulize binamu yako.

Nikifika hapa wapenzi wa wenzo wanapiga makofi. Ngojeni kidogo, na nyinyi nina yenu.

Wapo wanaonunua bunduki hii kwa sababu ya sinema. Tulikua na kauboi, najua. Lakini ile bunduki ya wenzo yenye pete kubwa anayoizungusha John Wayne kwenye Stagecoach ya mwaka 1939 ni Winchester ya mwaka 1892, na hadithi ya sinema yenyewe imewekwa mwaka 1880. Yaani kauboi kabeba bunduki ambayo ilikuwa bado haijazaliwa! Huo ndio ushahidi unaoutegemea kuchagua chombo cha kuua? Siku hizi wapo pia wanaoipaka nyeusi, wanaifunga vyuma vya kubebea taa na vikorokoro vingine mpaka inakuwa nzito kama mchi. Umechukua kitu ambacho faida yake ni wepesi, ukakitwisha mizigo. Haya.

Wapo wanaosema eti risasi nene na ya polepole "inakata vichaka", kwamba unaweza kumpiga kulungu kupitia matawi. Huu ni uongo wa siku nyingi. Watu wamejaribu kwa kupanga vijiti mbele ya shabaha, na risasi za kila aina hupinda, nene kwa nyembamba. Kama kuna tawi kati yako na mnyama, ngoja asogee au usogee wewe. Asiposogea, mwache. Kesho yupo.

Wapo wanaotia risasi zenye ncha kali kwenye lile bomba. Nimeshaeleza kwamba pua ya risasi moja inaegemea kitako cha nyingine, na kwenye kitako ndipo kilipo kifataki. Bunduki ikipiga teke, ncha ile inaweza kugonga fataki ya mwenzake, na bomba zima liko chini ya mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana risasi za wenzo huwa na pua butu. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Hornady ilileta risasi zenye ncha laini kama mpira ambazo ni salama kwa bomba na zinakwenda mbali kidogo. Nunua zile zilizoandikwa kwa ajili ya kazi hiyo au nunua butu. Hakuna njia ya tatu.

Halafu wapo wanaomtaja Roosevelt. Ni kweli, Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 alikuwa na Winchester ya wenzo ya mwaka 1895, ya risasi nzito ya .405, na aliipenda sana kwa simba. Lakini mbona hamsemi alichobeba pembeni? Alikuwa na Springfield ya jeshi kwa wanyama wa mbali, na bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili kutoka Holland & Holland kwa tembo na kifaru. Kwenye safari ile yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512. Idadi hiyo mimi siisifii hata kidogo, na ardhi ile ya Kenya imefunga uwindaji wa burudani tangu mwaka 1977. Lakini kwenye kuchagua silaha mzee yule alikuwa na akili kuliko wanaomtaja: aliangalia mnyama kwanza. Na kama unaota kurudi Tanzania na .30-30 yako kuwinda nyati, sahau. Kwa wanyama wa hatari kanuni zinadai .375 kwenda juu, na kanuni hiyo imeandikwa kwa ajili ya usalama wako na wa yule mfuatiliaji nyayo aliyekutangulia mbele.

Basi nichague ipi? Haya, bila kuzunguka. Winchester 94 ndiyo nyembamba na nyepesi, na zimetengenezwa zaidi ya milioni 7. Lakini zile za kabla ya miaka ya 1980 zinatupa ganda juu, kwa hiyo darubini haikai vizuri. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006, na za sasa zinatengenezwa Japani na Miroku. Kama macho yako yanataka darubini ndogo, Marlin 336 inatupa ganda ubavuni na juu ni bapa. Marlin ilinunuliwa na Ruger mwaka 2020 baada ya Remington kufilisika, kwa hiyo ukikuta ya mtumba uliza ni ya mwaka gani, ivute wenzo mara nyingi kwa risasi za bandia, sikiliza kama inakwaruza. Henry nao wanatengeneza nzuri, kwa Ohio wana hata ya .360. Na kama unataka risasi zenye ncha, Browning BLR ina kisanduku cha risasi badala ya bomba, na Savage 99 ya zamani ina gurudumu ndani. Usinunue kwa picha. Iweke begani umefumba macho, kisha fumbua. Kilengeo kikiwa tayari mbele ya jicho lako bila kutafutwa, hiyo ni yako.

Najua mtajibu kwamba wenzo mpya ni ghali. Kweli, nyingi sasa zinapita dola 1,000, na bunduki ya komeo ya bei nafuu inaweza kupatikana kwa nusu ya hapo. Kama pesa ndiyo kizuizi, nunua komeo ya risasi ya wastani, sitakucheka. Ninachopinga ni yule anayenyimwa usingizi na bei ya wenzo halafu analipa mara mbili ya hiyo kwa magnamu na darubini yake. Mtajibu pia kwamba wenzo ni mwepesi kurudisha risasi, unamtia mtu tamaa ya kumimina. Hoja hiyo naikubali nusu. Risasi ya pili ya haraka ni rehema kama ya kwanza haikukaa vizuri. Ikiwa ndiyo mpango wako tangu mwanzo, basi shida haipo kwenye bunduki. Na jihadhari na nyundo: kuishusha taratibu juu ya risasi iliyo ndani, vidole vikiwa na baridi au glovu, ni hatari ya kweli. Jifunze kwa bunduki tupu, mtutu ukielekea mahali salama, mara mia moja kabla ya mara ya kwanza.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bunduki ya wenzo imekaa sokoni zaidi ya miaka 120 bila kubadilika sana, siyo kwa sababu Wamarekani ni watu wa kumbukumbu, bali kwa sababu msitu haujabadilika, kulungu hajabadilika, na bega la binadamu ni lile lile. Kilichobadilika ni matangazo.

Kwa hiyo wewe unayeniuliza ununue bunduki gani, kabla sijakujibu nitakuuliza mimi: unawinda jimbo gani, mnyama gani, na sahani yako inaishia hatua ngapi? Ukiwa na majibu hayo matatu, bunduki itajichagua yenyewe. Ukiwa huna, hata nikupe mzinga utamjeruhi mnyama wa watu na kurudi mikono mitupu.

Pesa ya magnamu kanunue risasi za mazoezi na sahani za karatasi. Zikibaki, zipeleke kwenye pilau.

Naomba kuwasilisha.